Gazi ya frigo ikitoka, inakwenda wapi?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo tunaanza na frigo ya zamani.

Umeiona mara nyingi. Frigo imekufa, imekaa nyuma ya nyumba mwaka mzima, kuku wanalala juu yake. Siku moja anapita kijana anayenunua shaba na vyuma vya zamani. Mnapatana bei. Anapindua frigo, anashika msumeno wa chuma, anakata tuyo ya shaba. Unasikia «fsss», muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha kimya. Hakuna moshi, hakuna rangi, hakuna harufu ya kushangaza. Watoto wanacheka ile sauti. Kijana anakunja tuyo yake, anaitia katika mfuko, anakwenda. Mambo yamekwisha.

Hapana, hayajakwisha. Somo letu la leo ni hili: ile «fsss» imekwenda wapi, na nani anaweza kuijua? Utaona ya kama kuna watu ambao kazi yao ni kuihesabu, hata ikitoka ngambo ya bahari. Na wakati mmoja waliifuata nyuma, upepo kwa upepo, mpaka wakajua mikoa iliyotoka.

MOSHI UNAOJISEMA WENYEWE

Sisi watu wa shaba tunajua moshi. Lubumbashi iliyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka wa 1911, na kwa miaka mingi tanuru ziliwaka usiku na mchana. Mawe yaliyo na sulfuri yakichomwa hutoa gazi ya sulfuri. Wazee wanaikumbuka: inakata koo, inatoa machozi, inakohoza watoto. Wakati wa kiangazi upepo wa kule hutoka sana sana kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa shemine ulikwenda kaskazini-magharibi, upande wa Penga-Penga. Huko miti ilikufa na udongo ukabaki uchi.

Hakuna aliyehitaji masini ili ajue gazi ile imetoka wapi. Mama aliyeanika nguo aligeuza uso kuelekea upepo, akaona shemine, basi. Alitumia vitu viwili: pua yake na upepo.

Shika vizuri hivyo vitu viwili. Kwa gazi tutakayosema leo, pua haisaidii kitu. Upepo unabaki.

Kuna tofauti nyingine tena. Gazi ya sulfuri haikai hewani siku nyingi. Mvua inaishusha, udongo na majani vinaipokea. Inaumiza karibu, kisha inaanguka. Gazi ya frigo haianguki. Haiyeyuki katika mvua, haiwaki, haishikwi na udongo, haioni haya mbele ya kitu chochote cha huku chini. Inazunguka na upepo mpaka imeenea dunia nzima.

GAZI ILIYOTENGENEZWA KWA AJILI YA USALAMA

Tusiseme ya kama walioitengeneza walikuwa watu wabaya. Frigo za kwanza zilitiwa amoniaki, ao gazi ya sulfuri ile ile ya tanuru zetu. Tuyo ikipasuka usiku, watu walikufa katika vitanda vyao. Mwaka wa 1928 fundi wa Marekani, Thomas Midgley, na wenzake walipata gazi mpya: haiwaki, hainuki, na mtu akivuta kidogo haimdhuru. Ndizo zinazoitwa CFC. Mafundi wa frigo walizijua kwa jina la Freon. Zilitiwa katika frigo, katika klimatizeri, katika vikopo vya kunyunyiza dawa ya wadudu. Moja kati yao, CFC-11, ilitumiwa sana sana kufurisha povu: lile povu gumu la manjano lililo katika ukuta wa frigo, linalozuia joto lisiingie.

Kwa mtu wa usalama ilikuwa furaha kubwa. Waliangalia nyumba, wakaangalia usini, wakaona hakuna hatari. Hawakuangalia juu.

Mnamo 1971 na 1972 Mwingereza James Lovelock alipanda meli Shackleton iliyokuwa inakwenda mpaka upande wa Antarktika, nchi ya barafu ya kusini. Alichukua masini ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Kila pahali alipopima, hata katikati ya bahari pasipo usini wala nyumba, alipata CFC-11. Maana yake: ile yote iliyotoka ilikuwa bado ipo. Mwaka wa 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, waliokuwa wakifanya kazi California, walieleza mwisho wake. Gazi ile hupanda pole pole mpaka juu sana, kupita kilometa 20, ambapo jua kali linaivunja. Ikivunjika inaachilia klorini, na klorini inakula ozoni.

Ozoni ni nini kwetu? Ni kama mwavuli. Inazuia sehemu ya jua inayochoma ngozi na kuharibu macho. Ikipungua, kansa ya ngozi inaongezeka, na macho yanapata lile wingu jeupe, kataraka. Wa kwanza kuumia ni ndugu zetu albino, na wenye kushinda juani. Mwaka wa 1985 Waingereza waliokuwa wakipima katika kituo cha Halley, Antarktika, walitangaza ya kama kila mwaka, majira ya kuchipua yakifika kule, ozoni inapungua sana juu yao. Mwaka wa 1987 mataifa yalikusanyika Montréal, Kanada, wakaandika mapatano ya kuacha gazi hizi. Leo nchi zote za dunia zimeyatia sahihi, Kongo ndani yake. Tangu mwaka wa 2010 kutengeneza CFC kumekatazwa pahali pote, isipokuwa vitu vichache vya lazima.

Lakini mapatano ni karatasi. Sisi tunaofanya kazi tunajua: bango likisema «Usipite hapa», haina maana ya kama hakuna anayepita. Lazima kuwe na mtu wa kuangalia.

TONE MOJA KATIKA MAPIPA 250.000

Unaangalia namna gani kitu kisichoonekana, kisichonuka, na ambacho ni kidogo kabisa?

Sikia udogo wake kwanza. Hesabu yake hufanywa kwa sehemu moja katika milioni ya milioni. Chukua mapipa ya lita 200, yale ya mafuta. Yapange 250.000, yajaze maji, kisha tia tone moja tu ndani ya yote. Hiyo ndiyo sehemu moja katika milioni ya milioni. CFC-11 katika hewa unayovuta sasa ni matone kama 220 katika mapipa yale yote, kama vijiko viwili vya chai. Hiyo kidogo haikudhuru ukiivuta. Kazi yake mbaya inaifanya juu.

Ili kuihesabu, hewa inaingizwa katika chupa safi, ao inavutwa na masini na kupozwa mpaka kupita digrii 160 chini ya sufuri, ili gazi zile zishikwe. Kisha zinapashwa moto na kusukumwa katika tuyo nyembamba na ndefu. Kila gazi inapita kwa mwendo wake: moja inatoka mbele, nyingine nyuma. Kwenye mlango wa tuyo masini inapima kila moja. Ni kama mwisho wa poste, watu wanapotoka shimoni: anayehesabu haangalii uso uliojaa vumbi, anaangalia jetoni. Kila gazi ina jetoni yake, na haiwezi kuiacha nyumbani.

Kazi hii inafanywa kila siku, mwaka kwa mwaka. Shirika la hewa na bahari la Marekani, NOAA, linachukua chupa katika vituo vingi, kimoja juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari, mbali na kila usini. Kundi lingine linaloitwa AGAGE, lililoanza mwaka wa 1978, lina vituo kwenye pembe za dunia: Mace Head huko Ireland, Cape Grim huko Tasmania, na vingine. Wameweka pahali penye upepo safi wa bahari makusudi. Ukitaka kujua maji ya mto mzima, huchoti mbele ya bomba la usini moja.

HESABU YA POMPI

Sasa fika kwenye kisa chenyewe. Wewe uliyefanya kazi shimoni utakielewa kuliko mtu wa ofisi.

Tuseme shimo limejaa maji. Pompi yako inatoa kiasi kinachojulikana kila saa. Fundi anapiga hesabu: kesho asubuhi maji yatakuwa yameshuka mpaka alama fulani. Kesho asubuhi unakwenda na taa, unakuta maji yameshuka nusu tu. Pompi ni nzima, umeipima. Basi, hakuna njia nyingine: kuna maji yanayoingia kutoka pahali. Huyaoni, lakini alama ya ukutani imekwisha kuyasema.

Hewa ni hivyo hivyo. Pompi ni jua la huko juu, linaloivunja CFC-11. Pompi hii ni ya pole pole sana: gazi iliyotoka leo inakaa hewani kadiri ya miaka 52. Wenye elimu walijua pia kidogo kinachoendelea kutoka katika frigo na povu za zamani. Wakapiga hesabu. Toka 2002 mpaka 2012 mambo yalikwenda sawa: hesabu ilianza karibu na 260, ikashuka kama 2 kila mwaka. Watu wakafurahi.

Kisha alama ikakataa kushuka. Kufika 2015 mpaka 2017 ilikuwa inashuka 1 tu kwa mwaka, nusu ya zamani. Stephen Montzka na wenzake wa NOAA waliangalia kila njia ya kujidanganya. Labda masini zimeharibika? Walitumia masini mbalimbali, zote zikasema neno moja. Labda upepo wa juu umebadilika? Unaweza kueleza sehemu tu. Labda watu wanavunja majumba ya zamani yenye povu? Haitoshi. Mwezi wa tano 2018 wakatangaza katika gazeti la elimu Nature: kuna mtu anatoa CFC-11 mpya. Tani kama 13.000 kila mwaka juu ya zile za zamani, yaani robo zaidi. Na kwa karatasi, hakuna nchi iliyokuwa ikiitengeneza.

Mimi napenda kisa hiki sababu ya hapo. Barua zote zilisema sufuri. Ripoti zote zilikuwa na sahihi na muhuri. Hewa ikasema hapana.

KUGEUZA USO KUELEKEA UPEPO

Lakini nani? Mauna Loa iko mbali. Inasikia dunia nzima kwa pamoja, kama mtu aliye nje ya soko anayesikia makelele bila kujua nani anagombana. Kwanza waliona tofauti kati ya kaskazini na kusini ya dunia inaongezeka. Basi chanzo kiko kaskazini. Kisha waliona upepo fulani ukifika Mauna Loa, CFC-11 inakuja pamoja na gazi nyingine za viwanda zinazotoka Asia ya mashariki. Hiyo ilikuwa alama, haijawa ushahidi.

Ushahidi ulitoka kwenye visiwa viwili vidogo. Gosan iko katika kisiwa cha Jeju, Korea ya Kusini. Hateruma ni kisiwa cha Japani, kusini kabisa. Pale masini zinapima mara nyingi kila siku. Upepo ukitoka bahari, hesabu inakaa tambarare. Upepo ukitoka bara, hesabu inaruka juu kama mlima, kisha inashuka. Walipoangalia miaka yao yote, waliona ya kama baada ya 2012 milima ile imekuwa mirefu zaidi.

Hapo wakafanya kama mama wa nguo: wakageuza uso kuelekea upepo. Lakini walifanya kwa hesabu. Kwa kila saa ambayo hesabu iliruka, waliuliza vitabu vya hali ya hewa: hewa hii ilikuwa wapi jana? Na juzi? Na siku tano zilizopita? Mstari mmoja hausemi kitu. Maelfu ya mistari ikipangwa juu ya ramani, pahali fulani panakuwa peusi. Matthew Rigby, Sunyoung Park na wenzao walitangaza majibu mwezi wa tano 2019: mashariki ya China, sana sana katika mikoa ya Shandong na Hebei. Tani kama 7.000 kila mwaka zaidi kuliko kabla ya 2013, yaani karibu nusu ya zile zilizoongezeka duniani.

Hewa inaonyesha mkoa, haionyeshi nyumba. Nyumba zilionyeshwa na watu. Mwezi wa saba 2018 shirika moja la London linaloitwa Environmental Investigation Agency lilitoa ripoti: lilizungumza na kompani za povu huko China, na kompani 18 katika mikoa 10 zilikubali ya kama zilitumia CFC-11. Sababu? Ilikuwa rahisi kuliko gazi zilizoruhusiwa, na povu lake ni zuri. Franga, basi. Hakuna siri nyingine.

Serikali ya China ilituma wakaguzi, gazi ikakamatwa. Na hewa ilisema nini? Mwezi wa pili 2021 wenye elimu walitangaza: toka 2018 mpaka 2019 gazi iliyotoka duniani ilipungua kadiri ya tani 18.000 kwa mwaka, ikarudi ilivyokuwa kabla. Gosan na Hateruma nazo zikaona milima imeshuka.

Nafikiri juu ya wafanyakazi waliosimama kando ya vile vyombo vya povu. CFC-11 inachemka kwa digrii 24 tu. Siku ya joto inajitokea yenyewe kutoka ndoo. Ikiwa nyingi katika nyumba iliyofungwa, inaondoa hewa nzuri, kichwa kinazunguka, na moyo unaweza kupiga vibaya mpaka kusimama. Ukuta wa usini ambao unaficha gazi kwa wakaguzi ni ukuta ule ule unaoifungia pamoja na mtu anayefanya kazi.

MASIKIO HAYAKO KILA PAHALI

Utauliza: nusu nyingine ilitoka wapi? Haikuweza kupangwa kwenye ramani, sababu vituo ni vichache. Asia ya mashariki ilisikika kwa sababu visiwa viwili vilikuwa vinasikiliza. Afrika nzima ina vituo vichache sana. Karibu na sisi, jirani zetu wa Rwanda wana kimoja juu ya mlima Mugogo, metre 2.590 juu ya bahari, ambacho ni cha kundi la AGAGE. Kimepima gazi kabonike, metani na gazi ya mbabula, yaani monoksidi ya kaboni. Kiliona wazi wakati wa kiangazi moshi wa kuchoma majani unaotoka mbali, pamoja na upande wetu wa Kongo. Upepo haujui mpaka wala pasipoti.

Kuna gazi nyingine inayofuatwa namna hii, na hii inahusu kazi yetu moja kwa moja. Inaitwa SF6. Iko ndani ya dijonteri nyingi za umeme mkubwa, sababu inazima cheche vizuri kuliko hewa. Haina kosa kwa ozoni. Lakini inashika joto la dunia: kilo moja ya SF6 ni kama zaidi ya tani 20 za gazi kabonike, na inakaa hewani miaka mamia kwa mamia. Miaka ya 1990 ilipoanza hesabu ilikuwa karibu 2 ao 3 katika milioni ya milioni. Leo imepita 11. Na hapa pia wenye elimu walikuta hewa ina SF6 kuliko ile iliyoandikwa katika ripoti za nchi tajiri.

Kwa fundi wa umeme, jambo la kwanza si joto la dunia. SF6 ni nzito mara tano kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inajaza mfereji wa kebo na shimo la chini ya kabini, kama maji yasiyoonekana. Mtu akishuka pale bila kupima hewa, anaanguka bila kusikia kitu. Mwenzake akikimbilia kumtoa, anaanguka juu yake. Na dijonteri iliyolipuka ndani huacha unga mweupe, pamoja na gazi yenye harufu kali ya kuoza. Unga ule ni sumu. Usiuguse kwa mkono, usiufagie. Toka, fungua milango, ita shefu, ungoja wenye maski.

KATIKA ATELIE NA NYUMBANI

Sasa rudi kwenye frigo yetu.

Kutafuta tundu si lazima masini ya Hawaii. Maji ya sabuni na brosi ndogo vinatosha: unapaka juu ya maungio, pahali panapovuja panatoa povu. Mafundi wa zamani walikuwa na taa ya alkoli ao ya gazi yenye kipande cha shaba ndani. Moto wa rangi ya buluu ukipata gazi yenye klorini, unageuka kijani. Ni shaba ile ile tunayochimba iliyokuwa inawasemea. Lakini taa hii isitumiwe leo: haioni gazi mpya kama R-134a ambayo haina klorini, na moto ukila gazi ya frigo unatoa asidi na gazi ya fosjeni, ile iliyoua askari katika vita vya 1914-1918. Kwa sababu hiyo hiyo usiungue tuyo na shalimo kabla ya kutoa gazi yote, na usivute tumbako karibu. Ukisikia harufu kali inayochoma pua wakati wa kulehemu, zima, toka nje.

Gazi yenyewe ikitoka kwa nguvu ni baridi kali. Ikigusa jicho ao kidole inachoma kama barafu. Osha kwa maji ya uvuguvugu mengi, usisugue, nenda lopitali.

Fundi anayetengeneza klimatizeri asifungue tuyo hewani. Kuna masini ya kuvuta gazi na kuitia katika chupa. Najua ya kama haiko katika kila atelie. Lakini pahali ilipo, mara nyingi inakaa katika depo imefunikwa na vumbi, sababu «fsss» inachukua dakika moja na masini inachukua nusu saa. Shefu wa atelie, hapo ni neno lako. Gramu 100 za CFC-12, gazi ya frigo nyingi za zamani, zinapasha dunia joto kama tani 1 ya gazi kabonike. R-134a iliyokuja nyuma haili ozoni, lakini nayo inashika joto. Ndiyo sababu mwaka wa 2016 mataifa yalikutana Kigali, wakapatana kuipunguza pole pole.

Wewe mama, ujue ya kama katika frigo ya zamani gazi iliyo katika povu la ukuta mara nyingi ni nyingi kuliko ile ya tuyo. Kwa hiyo usiruhusu watoto walivunje povu lile kwa kuchezea, wala usiliwashie mbabula. Moshi wake ni sumu kwa mapafu, na gazi yote inatoka mara moja. Frigo iliyokufa lakini yenye sanduku zima, ifanye kabati la unga, panya hawaingii. Ondoa kitasa chake kwanza, ili mtoto asijifungie ndani.

Na kabla ya kumwita kijana wa msumeno, soma bandiko lililo nyuma ya frigo, karibu na kompresa. Utaona herufi R na hesabu. Ikiwa R-12 ao R-134a, mtafute fundi mwenye chupa ya kuvuta. Ikiwa R-600a, ambayo iko katika frigo mpya nyingi, hiyo ni ndugu ya butani ya kupikia. Haina hatari kwa ozoni, lakini inawaka. Frigo namna hiyo haikatwi ndani ya nyumba, haikatwi karibu na mbabula, na mtu mwenye sigara anakaa ngambo ya lupango.